Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa wa MS si upungufu wa kinga

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Sisi tunaishi Wete, Pemba. Dada yangu ana umri wa miaka 29. Mwaka juzi jicho lake la kulia lilififia kwa wiki kadhaa, likiuma kila alipolizungusha, kisha likarudi bila ya tiba yoyote. Mwaka huu ameingia ganzi kuanzia kiunoni hadi miguuni, na akitembea anayumba. Alipigwa picha ya MRI Dar es Salaam, tukaambiwa ana maltipo sklerosisi, ambayo kwa kifupi huitwa MS, na kwamba seli zake mwenyewe za kinga ndizo zinazomdhuru. Wazee nyumbani wamefahamu kwamba kinga yake imepungua. Kwa hivyo anapewa unga wa mlonge, habbat sauda na asali kila siku, na jamaa mmoja ameleta vidonge vya kuongeza kinga kutoka ng'ambo. Tunaomba utufahamishe: ni seli zipi hizo, vipi zimgeukie mwenyewe, na je, haya tunayompa yanamfaa?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotaka kushughulikiwa leo. Vidonge vya kuongeza kinga viacheni. Asali, habbat sauda na mlonge kwa kiasi cha chakula cha kawaida sina sababu ya kumkataza, ilimradi daktari wake ajulishwe na kisiwepo kinachochukua nafasi ya dawa alizoandikiwa. Lakini nia yenyewe ya kuitia nguvu kinga yake ndiyo ninayoomba ibadilike, kwa sababu kinga ya dada yako haikupungua. Ina nguvu zake zote, ila sehemu yake imeelekea pasipostahiki.

Hili halikusemwa kwa kukisia. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wagonjwa 18 wa MS, ambao walipewa interferoni gama, yaani kemikali ambayo seli za kinga huitoa ili kuamshana zinapokabiliwa na virusi. Matumaini yao yalikuwa kwamba, ikiwa ugonjwa huu una asili ya virusi, kuiamsha kinga kungeutuliza. Wagonjwa 7 kati ya hao 18 walipata mashambulio mapya wakiwa bado wanatibiwa, na dawa hiyo ikaachwa. Naomba wazee wasomewe habari hii, kwani wagonjwa wale ndio walioilipia elimu hiyo kwa miili yao, na haifai familia nyengine ilipe tena.

Ili kufahamu kinachoshambuliwa, zingatieni kwamba nyuzi nyingi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo zimezungushiwa utando wa mafuta na protini uitwao mayelini, unaotengenezwa na seli ziitwazo oligodendrositi. Waya wa umeme unaotoka Tanga na kupita chini ya bahari hadi Pemba umefunikwa tabaka juu ya tabaka ili umeme ufike bila ya kupotea njiani, na mayelini hufanya kazi ya namna hiyo, pamoja na kuuharakisha ujumbe mara nyingi zaidi ya ule unaopita katika uzi mtupu. Utando ukivuliwa kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, jicho hufifia na kuuma, kama lilivyokuwa la dada yako. Ukivuliwa kwenye uti wa mgongo, huja ganzi, udhaifu wa miguu na taabu ya kuzuia mkojo. Mahali palipovuliwa hubaki makovu magumu, na makovu hayo ndiyo ambayo Jean-Martin Charcot aliyaeleza mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, akiyafungamanisha na dalili alizoziona kwa wagonjwa wake walipokuwa hai.

Anayeuvua utando huo ni nani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja tu, nalo ni seli T. Hizi ni aina ya seli nyeupe za damu ambazo huzaliwa katika uboho wa mifupa na kukomaa katika tezi ya thimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko thimasi hupimwa moja moja, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe nyingi huuliwa kabla ya kutoka. Nyingi, lakini si zote: hata mimi na wewe, tulio wazima, tunazo katika damu yetu seli T zinazoweza kuitambua mayelini kama adui. Kinachotuhifadhi ni kwamba zipo seli T nyengine, ziitwazo seli T za udhibiti, ambazo kazi yao ni kuzituliza zile zenye hamaki. Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa uvumbuzi huo. Kwa wagonjwa wa MS, seli hizi za udhibiti hazikutoweka. Zikipimwa katika maabara zinaonekana zipo, lakini uwezo wake wa kuzuia umekuwa hafifu.

Basi inapotokea seli T ikaamshwa huko nje, katika damu au katika tezi za limfu, huanza kutafuta njia ya kuingia ubongoni. Mishipa ya damu ya ubongo imezibwa kwa namna ambayo haipo kwengineko mwilini, na seli za damu haziingii ovyo. Seli T iliyoamshwa huvaa juu yake protini inayoshikana na ukuta wa mshipa, ikajibana, ikapenya. Ikishaingia hukutana na seli nyengine zinazoionesha vipande vya mayelini, nayo huwaka upya, ikamwaga kemikali zinazoufanya ukuta wa mshipa uvuje zaidi na kuwaita wenzake. Wanaokuja kwa wingi ni seli T za aina ya CD8, ambazo katika majeraha ya MS hupatikana nyingi kuliko zile za aina ya CD4, pamoja na makrofaji, ambazo ni seli walaji. Hizi makrofaji ndizo zinazoumeza utando wenyewe. Ukitazama jeraha bichi kwa darubini, unazikuta zimejaa mafuta ya mayelini tumboni mwake.

Dawa ya natalizumabu ilitengenezwa ili kuiziba ile protini ya kushikia ukuta, na mashambulio yalipungua sana. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, ikasitishwa mwaka 2005, ikarejeshwa mwaka 2006 kwa masharti makali, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata maambukizo mabaya ya ubongo kutokana na virusi vya JC, ambavyo watu wengi wanavyo mwilini bila ya madhara. Seli zilezile zinazomdhuru mgonjwa wa MS ndizo zinazoulinda ubongo wake usiku na mchana, na ukizizuia zote mlangoni, ulinzi nao umeondoka. Kwa hivyo atakayewaambia kwamba dawa za MS zinaua kinga yote anatia chumvi, na atakayewaambia kwamba hazina khatari anaficha.

Sasa nifike kwenye seli B, ambazo kwangu mimi ndizo zilizobadilisha zaidi fikra za madaktari katika ugonjwa huu. Seli B tulizijua kama wazazi wa seli zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazokamata vijidudu. Tulijua pia kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wengi wa MS yana kingamwili zilizotengenezwa mulemule ndani ya mfumo wa fahamu, na kipimo hicho hutumika hadi leo kusaidia kuutambua ugonjwa. Lakini zilihesabiwa kuwa wafuasi, na seli T kuwa viongozi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la rituksimabu, dawa inayoondoa seli B katika damu, kwa wagonjwa 104 wa MS. Katika wiki 24 majeraha mapya kwenye picha za MRI yalipungua kwa takriban asilimia 90, na kupungua huko kulianza mapema, wakati ambapo kiwango cha kingamwili mwilini kilikuwa hakijabadilika sana. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba ubaya wa seli B haumo katika kingamwili zake tu, bali pia katika mazungumzo yake na seli T: seli B huokota kipande cha protini, ikakionesha kwa seli T na kuitia hamasa. Msemaji akiondolewa, msikilizaji naye hutulia. Dawa ya okrelizumabu, inayofuata njia hiyo hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, nayo ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa hata kwa wale ambao ugonjwa wao huendelea polepole tangu mwanzo bila ya vipindi vya nafuu.

Seli B zinatuingiza pia katika swali lako la vipi kinga igeuke. Ndani ya seli hizo ndimo wanamojificha virusi vya Epstein-Barr, ambavyo zaidi ya watu 9 katika kila 10 duniani wanavyo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani, wakakuta kwamba aliyeambukizwa virusi hivyo alikuwa na uwezekano wa kupata MS mara 32 zaidi ya kabla ya kuambukizwa. Mwaka huo huo watafiti wengine walionesha kwamba baadhi ya kingamwili zinazoikamata protini moja ya virusi hivyo huikamata pia protini iliyomo katika seli za ubongo, kwa kuwa zimefanana. Virusi peke yake havitoshi, la sivyo sote tungekuwa wagonjwa. Zipo jeni za kurithi zinazohusu namna seli zinavyooneshana protini, upo uvutaji wa sigara, upo unene wa kupindukia katika ujana, na upo upungufu wa vitamini D. Hakuna hata kimoja hapo ambacho dada yako amekosea ili akipate, na ugonjwa huu haumwambukizi anayekula naye wala anayelala naye chumba kimoja.

Seli za mwisho ni maikroglia. Hizi haziingii kutoka katika damu, bali zimo ubongoni tangu mtoto yumo tumboni mwa mama, na kazi yake ni kusafisha na kulinda. Katika MS ya miaka mingi huonekana zimezunguka kingo za majeraha ya zamani, zikiwaka moto mdogo usiozimika, na dawa nyingi tulizonazo haziwafikii humo. Ndiyo sababu madaktari wanahimiza tiba ianze mapema, wakati ugonjwa bado unaendeshwa na seli zinazoingia kutoka nje, kuliko kusubiri mgonjwa azidiwe. Dada yako yumo katika wakati huo mzuri.

Nina ombi moja kubwa kwenu. Muulizeni daktari wake kama amepimwa damu kutafuta kingamwili za akwaporini 4, ambayo ni protini ya kupitishia maji katika seli. Upo ugonjwa mwengine unaofanana sana na MS, unaoshika macho na uti wa mgongo, ambapo kinachoshambuliwa kwanza si mayelini bali ni seli za astrositi, ambazo huzitegemeza seli za fahamu, na silaha yake ni hizo kingamwili. Kingamwili zake zilibainishwa mwaka 2004, na kabla ya hapo wengi walihesabiwa kuwa na MS. Katika watu wenye asili ya Afrika na Asia ugonjwa huo una sehemu kubwa zaidi kuliko ilivyo Ulaya, na baadhi ya dawa za MS, zikiwamo interferoni beta (si ile ya gama niliyoitaja juu), fingolimodi na natalizumabu, zinaweza kuuzidisha. MS yenyewe ni nadra katika nchi zilizo karibu na ikweta kama zetu, kwa hivyo kipimo hiki kisionekane kuwa ni anasa.

Ama kuhusu dawa, mwezi wa Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni rituksimabu, kladribini na glatirama. Rituksimabu hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za tezi za limfu, kwa hivyo muulizieni hata katika hospitali zinazotibu saratani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi katika Wilaya ya Chake Chake. Nimesikia kwamba ugonjwa wa MS haupo sana Afrika kwa sababu watu wetu wana minyoo, na minyoo huilainisha kinga. Ikiwa ni hivyo, je, tunawadhuru wanafunzi tunapowapa dawa za minyoo na kichocho?
Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Mwalimu, uliyoyasikia yana msingi, lakini hitimisho lake silikubali hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Minyoo wanaoishi ndani ya mwili wa mtu kwa miaka hawana budi kuituliza kinga yake, ama sivyo wangeuliwa. Hufanya hivyo kwa kuziongeza zile seli T za udhibiti nilizozitaja katika jibu lililotangulia, na kwa kuzifanya seli B zitoe kemikali za kupoza badala ya za kuchochea. Mwaka 2007 watafiti wa Buenos Aires walichapisha habari za wagonjwa 12 wa MS ambao kwa bahati walikuwa na minyoo tumboni. Katika miaka zaidi ya minne waliyofuatiliwa walipata mashambulio machache mno kuliko wenzao 12 wasio na minyoo. Baadaye wanne miongoni mwao walilazimika kupewa dawa za minyoo kwa sababu ya maradhi ya tumbo, na mashambulio yakarejea.

Habari hiyo iliwatia watafiti wengine hamu ya kujaribu kwa makusudi. Huko Nottingham, Uingereza, wagonjwa 71 waligawiwa makundi mawili, moja likawekewa ngozini viluwiluwi 25 vya minyoo ya safura na jengine likawekewa kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: seli za udhibiti ziliongezeka kidogo, lakini tofauti ya majeraha mapya katika picha za ubongo haikuwa ya kutosha kuthibitisha kwamba minyoo hao wamefaa kitu.

Linganisha hayo na yanayojulikana hapo hapo kisiwani kwako. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Pemba tangu miaka ya 1990 ulionesha wazi namna minyoo ya safura inavyowanyonya damu na kuwaachia upungufu wa madini ya chuma, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa huharibu kibofu na huweza kuleta saratani yake. Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi imekuwa ikishughulika na maradhi haya tangu mwaka 2000. Mtoto mwenye upungufu wa damu anasinzia mbele yako darasani leo. MS ni ugonjwa ambao huenda usimfikie hata mmoja wa wanafunzi wako wote. Wapeni albendazoli na prazikwanteli siku ya kugawa ikifika, bila ya wasiwasi.

Tena kwa wagonjwa wenyewe wa MS katika visiwa vyetu, minyoo ni khatari ya aina ya pekee. Wapo minyoo wadogo waitwao strongiloidi, ambao huingia kupitia ngozi ya miguu na huweza kukaa mwilini miongo ya miaka kwa kujizalisha humo humo. Seli za kinga huwaweka katika idadi ndogo, na mtu huenda asihisi lolote. Mgonjwa kama huyo akipewa steroidi kwa wingi, ambazo ndizo dawa za kutuliza shambulio la MS, seli zile hulegea, minyoo hao wakazaliana na kusambaa hadi mapafuni na kuingiza bakteria katika damu, jambo linaloweza kumuua. Kipimo cha strongiloidi, au ivamektini mapema pale ambapo hakuna nafasi ya kungoja kipimo, ni sehemu ya matibabu ya MS kwa mtu aliyekulia Unguja au Pemba, kama vile ilivyo kupima kifua kikuu na homa ya ini ya aina ya B kabla ya rituksimabu. Daktari aliyesomea nchi za baridi huenda asilikumbuke hili, na si utovu wa adabu mgonjwa kumkumbusha.

SWALI: Nina MS kwa miaka sita sasa. Kila ukifika msimu wa kaskazi, nikitoka kuswali adhuhuri na kutembea juani, macho hufifia na miguu hulegea, kisha nikikaa penye upepo saa moja narudi kama kawaida. Je, kila siku nashambuliwa upya?
Msomaji, Jang'ombe

JIBU: La, hushambuliwi. Joto linapoongezeka mwilini, hata kwa nusu nyuzi tu, ujumbe hushindwa kupita kwa muda katika nyuzi zilizokwisha kuvuliwa mayelini zamani. Hakuna seli mpya iliyoingia wala utando mpya ulioliwa. Daktari wa Kijerumani Wilhelm Uhthoff alilieleza jambo hili mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi. Shambulio la kweli hukaa zaidi ya saa 24, na hutokea bila ya homa.

Homa yenyewe huleta dalili hizo hizo za joto, kwa hivyo siku ambayo udhaifu hautaondoka baada ya kupumzika, kapime kwanza malaria na mkojo. Maambukizo ya njia ya mkojo huwapata sana wenye MS, na kumpa steroidi mtu mwenye maambukizo yasiyotibiwa ni kuzilegeza seli zake za kinga wakati ambapo zinahitajika. Vipimo vikiwa safi na miguu bado imelegea siku ya pili, hapo ndipo umuone daktari wako wa fahamu. Kwa siku za kawaida za kaskazi, maji baridi ya kunywa, kitambaa kilichoroweshwa shingoni na kutembea upande wa kivuli vinatosha.